Dumu la tano

Kila jioni, baada ya magharibi, nahodha alizunguka nyuma ya banda la makuti, akachutama mbele ya madumu ya maji na kuyagonga moja moja kwa kidole kilichokunjwa. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi mahali anapojua kuna mtoto mchanga amelala.

Dumu lililojaa halina maneno. Linasema du, basi. Lililofika nusu lina sauti mbili, nzito ya chini na nyepesi ya juu, na ukipandisha kidole polepole utajua maji yameishia wapi. Tupu linavuma.

Akimaliza anainuka kwa kushika magoti, anarudi motoni, hasemi kitu.

Mimi nilidhani ni mazoea ya utu uzima tu. Babu yangu pale Ngamiani alikuwa hapati usingizi mpaka atikise komeo la mlango mara tatu. Nikampiga nahodha picha kwa nyuma: mgongo umeinama, anga jekundu, madumu ya njano yamepangwa safu. Nikaituma kwenye makundi matatu ya WhatsApp, watu wakaisifu.

Wiki ya sita hii, nikiifungua naifunga.

## Hesabu ya mezani

Mnaonisoma tangu zamani mnaujua ugonjwa wangu. Likizo ikifika nabeba begi la mgongoni, hema la mtu mmoja, sufuria moja na jiko dogo la gesi, napotea. Nimelala Lushoto hivyo, nimelala Amani hivyo, na sharti langu limekuwa moja: nisiwe mzigo wa mtu. Sili cha mtu, silali kwa mtu, siachi taka. Nililitangaza sharti hilo humu mara nyingi, na nikiri, kwa majivuno.

Mwishoni mwa Desemba nikataka kisiwa.

Jina lake silitaji. Kiko kati ya Tanga na Pangani, kidogo kiasi kwamba maji yakipwa unakizunguka kwa miguu uji ukiwa bado wa moto. Watu wa Kigombe na Tongoni mmeshakijua, nyamazeni. Eneo lile lote ni hifadhi ya bahari tangu 2009, iliyopewa jina la silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Kwetu alianza kuingia kwenye majarife ya wavuvi mwaka 2003. Hifadhi nzima kwa jina la samaki ambaye, nilivyoambiwa kisiwani, hata paka hamtaki kwa mafuta yake.

Kibali nililipia, risiti ipo. Mashua ya kunipeleka Jumatatu na kunifuata Ijumaa nililipia nusu mbele. Maji nilibeba chupa nane za lita moja na nusu. Lita kumi na mbili, siku nne, lita tatu kwa siku. Hesabu haina doa. Niliifanyia Dar, kwenye meza iliyo chini ya kiyoyozi.

## Watu sita

Nilipoona moshi kisiwani nilinuna. Naandika kama ilivyokuwa.

Nilikuwa nimejichorea kisiwa kitupu, mimi na ndege na mawimbi. Nikakuta dago. Kwa ndugu zangu wa bara: dago ni kambi ya wavuvi, wanahama na vyombo vyao, wanaweka banda la makuti, wanavua, wanakausha samaki wawe ng'onda, siku zikiisha wanarudi mjini. Walikuwa sita na mashua moja, walifika jana yake, Jumapili, na walikusudia kukaa siku kumi.

Nahodha alikuja kunipokea majini, suruali imekunjwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu. Chai iko tayari."

Nikamwambia ahsante, nimebeba yangu.

Nikaenda kupiga hema upande wa pili, hatua kama mia mbili, chini ya mbuyu, mchanga laini. Alinifuata nyuma, akasimama kidogo, akasema pale siyo pazuri, bamvua, yale maji makuu ya mwezi, litanifuata. Nikatazama alama ya maji ya asubuhi, ilikuwa mbali. Nikamwambia panatosha, mzee, usijali.

Saa kumi alfajiri bahari ikaingia hemani.

Haikuja kwa kishindo. Nilishtuka mgongo umelowa, taa ya simu inaonesha viatu vinaelea. Nilikokota kila kitu hadi juu ya mawe, nikakaa nikitetemeka hadi kukapambazuka. Na kulipopambazuka nikafanya jambo ambalo mwenye asili ya Tanga anapaswa kuona haya hata kuliandika. Chumvi iliniwasha. Nikafungua chupa tatu nikasuuza hema, nikasuuza jiko, nikajimwagia mwilini kuanzia kichwani. Lita nne na nusu.

Nikiwa na povu la sabuni machoni nilisikia mtu anakohoa. Nahodha alikuwa amesimama na kamba yake mkononi, kaja kunijulia hali. Akatazama mchanga pale maji yalipokuwa yakinywea. Akaniuliza kama nguo zimepona. Akaondoka.

## Kwa nini hakuna kisima

Kisima kipo, kwa kweli. Ni shimo la kimo cha mtu, na maji yake yanapanda na kushuka bahari inapojaa na kupwa. Wanaoshea vyombo tu.

Visiwa hivi ni matumbawe ya kale yaliyoinuka juu ya bahari. Mvua inyeshe usiku kucha, maji yanapita kwenye mawe kama tui kwenye kifumbu. Machache yanayobaki chini yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka pembeni, tabaka jembamba tu. Ukichota kwa adabu unapata maji baridi yenye ukakasi. Ukichota kwa pupa unavuta chumvi, na shimo linachukua muda mrefu kurudi hali yake.

Kwa hiyo maji yanakuja kwa mashua. Walikuja na madumu kumi ya lita ishirini, yameandikwa namba kwa rangi ya kupakia chombo, moja hadi kumi. Siku kumi, watu sita, dumu moja kwa siku: kunywa, chai, kupikia, kutawadhia hapana, bahari ipo. Hata bada, ugali wa muhogo, walisonga kwa maji mchanganyiko, kata mbili za baharini, tatu za dumu. Ndiyo maana sikuwaona na chumvi. Maji yaliyochemshia mchele walikunywa na sukari.

Haya yote niliyaona, wala sikufichwa. Niliyaandika kwenye daftari kama mambo ya kuvutia ya watu wa kisiwani.

## Hili lako

Jumatano alasiri nilibaki na chupa moja, robo. Sikusema. Nililala kivulini midomo imekauka, nikipiga hesabu za Ijumaa.

Nahodha akaja amebeba dumu begani. Namba tano. Akalitua karibu na hema kwa taratibu.

"Hili lako, mwanangu."

"Mzee, nitalilipia."

"Libebe kwanza ulipeleke kivulini. Ya kulipa utajua ukishajua uzito."

Alicheka, nami nikacheka. Nilichosikia mimi ni mzaha.

Jioni ile nilijiunga nao motoni, tena kwa raha, maana sasa nilijiona ndugu. Kijana wao mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na tisa hivi, akaniambia mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na kwa kuwa huku hakuna jembe nitapewa dumu lililokatwa nikafue maji mashuani. Nikafua. Mashua ile ilivuja kama kapu. Nikarudi kwenye hema nimejaa furaha, nikapika tambi kwa lita mbili za dumu la tano, zilipoiva nikamwaga maji yake mchangani.

Kijana alikuwa amenisindikiza. Aliutazama mvuke ukipanda, kisha akanitazama mimi, akaniaga.

## Maziwe

Usiku wa Alhamisi nahodha alizungumza sana kuliko siku zote. Nilimuuliza kama kisiwa hiki kiliwahi kuwa na wakazi. Akasema kila kisiwa kiliwahi, hata Maziwe.

Maziwe iko mbele ya Pangani. Ukienda leo unakuta fungu la mchanga mweupe ambalo maji yakijaa halipo kabisa, watalii wanapelekwa asubuhi na kurudishwa kabla halijazama chini yao. Mwaka 1975 ilitangazwa kuwa hifadhi. Kulikuwa na miti ya mivinje, na kasa walipanda kutaga, ng'amba na wenzao. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 mivinje ilikuwa imekwisha, mchanga hauna wa kuushika, bahari ikala kisiwa. Kasa hawakuambiwa. Wanaendelea kuja kutaga kwenye fungu linalofunikwa na maji, na watu wa Ushongo wanayahamisha mayai hadi pwani ili yasife maji.

Nahodha alikwenda dago Maziwe akiwa mtoto, na baba yake. Alikumbuka kivuli. Alikumbuka kwamba mivinje inalia upepo ukipita, na kwamba kila chombo kilichoondoka kilikata kidogo, kuni za safari, mti wa kurekebishia banda, nguzo moja tu.

"Hakuna aliyekata mingi," alisema.

Nikanyamaza, nikidhani tunaongelea mazingira.

## Sunna

Hapa ndipo ninapokwama kila usiku.

Alhamisi mchana nahodha hakunywa chai na wenzake. Nikasema moyoni, kafunga sunna, watu wazima wengi wa pwani hufunga Jumatatu na Alhamisi. Nikamheshimu zaidi.

Ijumaa asubuhi mashua yangu haikuja. Kaskazi lilikuwa limekaza tangu usiku, bahari imevaa nyeupe, na chombo cha kutoka Kigombe kingekuwa kinapigana nalo uso kwa uso. Siku ile pia nahodha hakunywa chai. Nikasema ameunganisha na ya jana.

Jumamosi upepo ulitulia mchana na nikafuatwa. Asubuhi yake, kikombe kilipofika kwake, alikishika, akampa aliyekuwa karibu.

Jumamosi sikusema kitu moyoni. Nadhani nilijua, na nikachagua kufunga begi.

Wakati wa kuagana nilirudisha dumu la tano likiwa na maji kidogo sana chini. Nikatoa noti, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniombea safari njema. Kule mashuani nilitazama nyuma nikamwona anazunguka nyuma ya banda. Mchana mweupe, siyo magharibi. Anakwenda kugonga.

## Soko la Deep Sea

Wiki tatu baadaye nilikuwa Tanga kwa msiba wa jirani. Asubuhi nikashuka soko la samaki la Deep Sea kununua chochote cha kupeleka nyumbani, nikakutana uso kwa uso na yule kijana, ana beseni la tasi kichwani.

Tulikumbatiana. Nikamuuliza dago lilikwishaje.

"Tulirudi siku mbili kabla."

Kolekole ndio kwanza walikuwa wameanza kuingia, alisema. Siku ile ya mwisho walijaza mashua nusu kwa asubuhi moja. Lakini madumu yalikuwa yanavuma yote. Moja lilipasuka wakati wa kulipandisha toka chomboni, siku ya kwanza kabisa, kabla sijafika.

"Na lingine?"

Alikuwa muungwana, aligeuza uso kwenye beseni lake. "Lingine lilitumika."

Nikamuuliza kuhusu mzee na chai. Akacheka kidogo. "Mzee alisema chai inampandisha presha."

"Ana presha?"

"Hana."

Nilinunua tasi wote wa beseni, kwa bei aliyoitaja, na kwa mara ya kwanza maishani sikumwomba muuza samaki apunguze.

## Mambo niliyojiambia

Nilijitetea, na kwa ufundi. Dumu moja lilipasuka bila mimi. Hivyo siku mbili walizopoteza, yangu ni moja. Tena katika hiyo moja nilirudisha kidogo. Na asili ya maji yenyewe ni ya Mungu, na wao wenyewe walinipa, na kunyima mgeni maji ni aibu wasingekubali hata kwa bunduki. Mimi ningefanya nini, nife kiu ili wao wavue kolekole?

Hoja zote ni za kweli. Zinashikana vizuri. Ila nikizifikisha kwenye lita nne na nusu za alfajiri ya Jumanne, sabuni machoni, zinaachiana.

Na kuna jambo lingine linanisumbua kuliko lita. Siku nzima ya kwanza nilikataa chai yao ili nisiwe mzigo. Ningeikubali ile chai, ningekaa nao, ningeulizwa nimebeba maji kiasi gani, ningeambiwa mapema, hata hema lingepigwa mahali pake. Lile sharti langu nililolitangaza humu miaka yote ndilo lililofanya niwagharimu dumu zima.

Siku moja kabla ya kupanda mashua nilikuwa nimepita Tongoni kwenye yale magofu, makaburi na msikiti. Mabaharia wa Vasco da Gama walikwama na merikebu yao ya São Rafael kwenye mafungu ya Mtang'ata, maji haya haya, Aprili 1498. Mmoja wao aliandika kwamba wakiwa wamekwama, wenyeji waliwafikia kwa vyombo wakiwa na machungwa mazuri kushinda ya Ureno. Januari 1499, wakirudi, mabaharia wamekwisha kwa maradhi, waliiteketeza merikebu hiyo hapo hapo. Habari za machungwa nilizipenda sana nilipozisoma, nikiwaza machungwa ya Muheza. Sasa namwaza mwenye kapu. Wageni wamesimuliwa miaka zaidi ya mia tano. Yeye nyumbani alirudi na nini hakuna aliyeandika.

Najua, nimejilinganisha na Mreno. Usiku mambo hukua.

## Umekosea namba

Namba ya simu ya nahodha nilipewa na kijana. Nikapiga hesabu ya siku moja ya kolekole kwa bei ya Deep Sea, nikaongeza, nikatuma pesa kwa simu bila maelezo, saa tatu usiku.

Saa tatu na robo akapiga.

"Mwanangu, umekosea namba."

"Hapana mzee, ni mimi, wa kule kisiwani, nili..."

"Umekosea namba. Nimewaambia wakurudishie. Kuwa mwangalifu, siku hizi kuna matapeli." Akaniuliza mama hajambo, akaniombea usiku mwema, akakata.

Kesho yake pesa ilirudi.

Nikakaa nayo siku kadhaa kama mtu aliyerudishiwa barua haijafunguliwa. Kisha nikasikia kutoka kwa kijana kwamba wanatoka tena kwenda dago, asubuhi ya Jumapili, upepo wa umande.

Nikaenda Ngamiani nikanunua madumu matatu, ya njano, lita ishirini. Nikayaosha, nikayajaza bombani kwa babu, nikayapandisha kwenye basi, nikafika ufukweni wakiwa wanapakia nyavu. Nikayapanga mchangani, safu, nikarudi nyuma. Sikusema ni ya nini.

Nahodha akayatazama. Akachutama. Akagonga la kwanza: du. Akagonga la pili: du. Akagonga la tatu, du, kisha akafungua kizibo chake, akainama, akanusa.

"Hili lilikuwa la mafuta ya kula."

"Nililiosha mzee. Kwa sabuni, mara tatu, nne."

Akanitazama.

"Kwa maji mangapi?"

Kijana alicheka mpaka akaiachia kamba. Wakapakia mawili. La tatu nilirudi nalo Tanga kwenye basi, limejaa, nimelibana kati ya miguu.